Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Tulipowaambia majirani zetu kwamba tunakwenda kupanda meli ya kitalii huko Ugiriki, wengine walicheka. Mama mmoja alituuliza kama tumeshasahau shida ya boti siku bahari inapochafuka. Hatukuwa tumesahau. Lakini kwa miaka minne tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo katika kikundi chetu cha akina mama wa usharika, na nia yetu ilikuwa moja: kuiona Efeso na kisiwa cha Patmo kwa macho yetu kabla uzee haujatuzuia kupanda ngazi.

Tulikuwa saba. Wawili wauguzi, watatu wafanyabiashara, mmoja karani, na mama yetu mwalimu mstaafu wa miaka 67, ambaye sote humwita Bibi Mwalimu. Safari ilikuwa ya Septemba 2024. Tangu turudi, akina mama wa sharika nyingine wametuuliza maswali mengi, na karibu yote ni yale yale: Je, pasipoti inatosha? Viza moja inatosha? Kwa nini yule mama wa kwenu hakupanda meli? Mwezi huu tumeona ni vema tuyajibu hapa.

Pasipoti na jina lako

Watano kati yetu hatukuwa na pasipoti. Tanzania ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki Januari 2018, na ndiyo tuliyoiomba. Unajaza maombi kwenye mtandao, unalipa ada, kisha unafika mwenyewe ofisi ya Uhamiaji na vyeti vyako ili wachukue picha na alama za vidole. Kazi hiyo si ngumu kwa mtu ambaye vyeti vyake vinasema jina moja. Na hapo ndipo penye matatizo ya wanawake.

Fikiri kidogo, mama. Cheti chako cha kuzaliwa kina jina la baba yako. Kitambulisho cha Taifa huenda kina jina la mume wako. Cheti cha shule kina jina la ubatizo lililoandikwa na mwalimu kwa jinsi alivyolisikia. Nyumbani unaitwa Mama Fulani. Katika maisha ya kila siku hayo yote hayana neno, maana kila mtu anakufahamu. Mbele ya afisa asiyekufahamu, hao ni wanawake wanne.

Ndivyo ilivyompata Bibi Mwalimu. Ilimbidi aende kwa wakili kuapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, kisha arudi na hati ile, kisha aambiwe alete na cheti cha ndoa. Wakati sisi sita tulikuwa na pasipoti mkononi, yeye bado alikuwa akipanda daladala kwenda na kurudi. Tunaomba ukumbuke ucheleweshaji huo, kwa sababu ndio uliozaa yaliyofuata.

Jina lililo ndani ya pasipoti ndilo linalotakiwa katika tiketi ya ndege, tiketi ya meli, viza na bima, herufi kwa herufi. Mmoja wetu aliandikishwa na wakala kwa jina la mumewe wakati pasipoti ina jina la baba yake. Tuliligundua mapema, likasahihishwa bila malipo. Lingegundulika bandarini lingekuwa jambo lingine.

Angalia pia tarehe. Nchi za Schengen zinataka pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu. Kampuni nyingi za meli zinakwenda mbali zaidi, zinataka miezi sita baada ya safari kumalizika. Fuata hiyo ya miezi sita.

Meli inatoka, meli inaingia

Sasa tufike kwenye viza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea, hata watu waliosafiri sana.

Anayesafiri kwa ndege kwenda Athene na kurudi ameingia Schengen mara moja na kutoka mara moja. Meli haifanyi hivyo. Meli yetu iling'oa nanga Piraeus, bandari ya Athene, ikapita Mykonos, ikavuka hadi Kusadasi, kisha ikarudi Patmo, Rodo, Krete na Santorini. Kusadasi ni bandari ya kwenda Efeso, nayo iko Uturuki. Uturuki haimo katika Schengen. Kwa hiyo meli ilipovuka kwenda Kusadasi sote tulikuwa tumetoka Schengen, na ilipofika Patmo asubuhi yake tulikuwa tunaingia mara ya pili. Hata abiria ambaye angebaki amelala chumbani mwake, asikanyage ardhi ya Uturuki kabisa, angehesabiwa hivyo hivyo.

Katika fomu ya maombi kuna mahali pa kuchagua: kuingia mara moja, mara mbili, au mara nyingi. Kwa safari kama yetu ni lazima uombe angalau mara mbili, na uambatanishe ratiba ya meli yenye jina la kila bandari, ili afisa aone sababu. Viza ikitoka usiifungie kabatini kwa furaha. Soma stika. Palipoandikwa idadi ya kuingia utakuta 01, au 02, au MULT. Kisha soma tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa.

Maombi unayapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, wala usisubiri zibaki pungufu ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika siku 45. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, wala hairudishwi ukinyimwa. Watataka kuona kwamba una sababu ya kurudi nyumbani: barua ya mwajiri na ya likizo, taarifa ya benki, leseni ya biashara, hati ya nyumba au shamba. Wafanyabiashara wetu walipeleka pia taarifa za SACCOS yao, zikapokelewa.

Ratiba ikibadilika, hesabu hubadilika. Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, kwa hiyo meli ya kutoka Italia kwenda Dubrovnik haitoki tena Schengen. Inayokwenda Tunisia, Misri au Uingereza inatoka. Na wale wanaoalikwa na watoto wao Marekani kupanda meli Miami kwenda Bahamas, wasidanganywe na wenzao wenye uraia wa kule. Mmarekani katika safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani anaweza kurudi na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho. Nafuu hiyo ni ya raia wao. Sisi tunahitaji pasipoti, viza ya Marekani inayoruhusu kurudi, na masharti ya kila kisiwa.

Kwa upande wa Uturuki, sheria yao ya wageni ya mwaka 2013 inatoa nafasi kwa abiria wa meli kushuka na kuutembelea mji wa bandari na mikoa ya jirani bila viza kwa muda usiozidi saa 72, iwapo mamlaka zitaruhusu. Hilo neno "iwapo" lina uzito wake. Tuliiandikia kampuni ya meli kuuliza msimamo wao, tukapata jibu kwa maandishi, tukalichapa na kulibeba. Usiridhike na neno la simu. Kampuni inayombeba mtu asiye na hati kamili hutozwa faini na hulazimika kumrudisha alikotoka, ndiyo maana karani wa bandarini ni mkali kuliko hata afisa wa Uhamiaji.

Siku nne kabla ya kuondoka

Kwa kuwa pasipoti yake ilichelewa, Bibi Mwalimu hakupeleka maombi pamoja nasi. Wakala mmoja alijitolea kumsaidia kujaza fomu. Katika barua ya maelezo wakala aliandika kwamba mama anakwenda Ugiriki kwa siku tisa, basi. Kusadasi hakuitaja. Pale pa kuchagua akaweka alama kwenye kuingia mara moja.

Tulikutana kwa maombi siku nne kabla ya safari, tukaweka pasipoti zote mezani. Mmoja wetu alikuwa akizisoma stika kwa sauti kama mtu anayesoma kadi za wagonjwa wodini. Mbili. Mbili. Mbili. Alipofika ya Bibi Mwalimu alinyamaza, akaisoma tena.

Tulipiga simu kote. Tukajibiwa kwamba viza iliyokwisha kutolewa haiongezwi idadi, inabidi kuomba upya, na muda haukuwepo. Kampuni ya meli ikajibu kwamba hatapanda, na kwa siku zilizobaki nauli yake hairudishwi. Sisi wenyewe tulikuwa na lawama: tulikuwa na ratiba kamili tangu Juni, wala hakuna hata mmoja aliyemwonyesha ile fomu jinsi tulivyoijaza sisi. Tulidhani mwalimu hawezi kukosea fomu.

Bibi Mwalimu alikaa kimya, kisha akauliza swali moja: "Hiyo mara moja niliyopewa, inaniruhusu kufika Athene?" Ndiyo, mama. "Basi nitafika Athene."

Ilibidi mmoja wetu abaki naye, maana mama ana shinikizo la damu na hatukuweza kumwacha peke yake usiku nne katika mji wa kigeni. Aliyebaki alipoteza nauli yake ya meli pia. Kikundi kimekubali kumrudishia nusu, na mpaka leo tunachanga.

Ya afya

Sisi wauguzi tungeandika ukurasa mzima hapa, ila tutasema machache. Bima ya viza ya Schengen lazima ifikie euro 30,000 na igharimie kurudishwa nyumbani, lakini nyingi huishia mipaka ya Schengen. Ukiugua Kusadasi hauko Schengen. Nunua bima inayoitaja na Uturuki. Daktari yupo melini, lakini kila huduma yake inaandikwa kwenye hesabu ya chumba chako.

Dawa zako zibebe katika mkoba wa mkononi, ndani ya makasha yake, pamoja na barua ya daktari. Masanduku huchukuliwa bandarini na huenda usiyaone mpaka jioni. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali katika baadhi ya nchi za Ghuba, ambako ndege nyingi za kutoka kwetu hupitia. Kuhusu chanjo ya homa ya manjano, uliza masharti ya kila nchi unayopitia. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa aongee na daktari kwanza. Na mjamzito asikate tiketi kabla ya kuuliza: kampuni nyingi hazipokei mimba iliyofika wiki 24.

Jambo moja lilitushtua melini. Siku ya kwanza walikusanya pasipoti zetu, wakatuachia kadi ya plastiki ya chumba. Abiria wa mataifa yanayohitaji viza hufanyiwa hivyo mara nyingi, ili maafisa wa bandari wazikague pamoja. Beba nakala za ukurasa wa picha na wa viza, moja mkobani, nyingine nyumbani kwa mtu unayemwamini. Wanaojiandaa sasa wajue pia kwamba tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso mpakani badala ya kugonga muhuri. Kuingia na kutoka kwako kunahesabiwa na mashine.

Patmo, tulipokuwa tukingojea kushuka, tulimkumbuka Paulo. Yeye hakuwa na kijitabu chochote, lakini uraia wake wa Kirumi ulimwepusha na mijeledi kule Yerusalemu. Na meli iliyokuwa ikimpeleka Roma ilikuwa na watu 276, wote wakaokoka ilipovunjika. Meli yetu haikuvunjika, ila Rodo bahari ilichafuka na wawili wetu hawakugusa chakula cha jioni.

Wale waliobaki Athene walipanda basi hadi Korintho, kama kilomita 80, na kutoka hapo wakachukua teksi mpaka Kenkrea, nyumbani kwake Fibi. Ni kijiji kidogo cha pwani, na mawe ya bandari ya kale yanaonekana ndani ya maji. Bibi Mwalimu alivua viatu, akaingia mpaka magotini, na mwenzake akampiga picha. Tuliporudi hotelini na picha zetu za Efeso tulimkuta na yake, akaionyesha kwanza.

Ameanza kuweka akiba tena. Kikundi kimemchagua awe mkaguzi wa hati za safari, na kazi hiyo anaifanya kama alivyosahihisha madaftari, kwa kalamu nyekundu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alimrudishia fomu mama anayekwenda kwa mwanawe Ujerumani. Jina la pili lilikuwa na herufi moja pungufu.