Jinsi baridi ya kaskazini inavyolisha mji wa pwani Mexico

MWEZI wa Januari, halijoto katika mji wa Winnipeg nchini Canada huweza kushuka na kupita nyuzi 20 chini ya sufuri. Mito huganda, magari hukataa kuwaka na wazee huogopa hata kutoka nje wasije wakateleza kwenye barafu.

Siku iyo hiyo, katika mji wa Puerto Vallarta ulio kwenye pwani ya Pasifiki nchini Mexico, jua huwa limechomoza mapema na ifikapo adhuhuri halijoto hukaribia nyuzi 28. Wachuuzi hupita mchangani wakiuza madafu na samaki waliochomwa vijitini, huku wageni kutoka kaskazini wakiwa wamejinyoosha juani.

Tofauti hiyo ya hali ya hewa ndiyo mtaji mkuu wa mji huo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, Wakanada na Wamarekani humiminika huko kukimbia baridi. Wapo wanaokaa wiki moja tu, na wapo wastaafu wanaokaa miezi kadhaa. Kwao, wastaafu hao huitwa 'ndege wa theluji', kwa kuwa huhama kila mwaka mfano wa ndege.

Siri ya hali hiyo njema ya hewa imo katika jiografia. Puerto Vallarta uko kusini mwa Tropiki ya Kansa, nao umeegemea milima ya Sierra Madre. Karibu mvua yake yote hunyesha kati ya Juni na Oktoba. Kwa hivyo, kaskazini kunapofunikwa na theluji, mji huo huwa katika kiangazi chake.

Si binadamu pekee waligunduao jambo hilo. Kati ya Desemba na Machi, nyangumi wenye nundu huhama kutoka maji baridi ya kaskazini mwa Pasifiki na kuja kuzaa katika Ghuba ya Banderas, ambayo mji huo umeikabili. Safari za mashua za kuwatazama ni riziki kwa wavuvi wengi.

Hata hivyo, mji huo haukuanza kama makao ya watalii. Mnamo 1851 ulikuwa kijiji kilichoitwa Las Peñas, mahali pa kushushia chumvi iliyotumiwa katika migodi ya fedha milimani. Jina la sasa ulipewa mwaka wa 1918 kwa heshima ya Ignacio Vallarta, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Jalisco.

Mambo yalibadilika 1963, mwelekezi John Huston alipokwenda karibu na hapo, katika ufuo wa Mismaloya, kutengeneza filamu ya The Night of the Iguana. Mwigizaji Richard Burton aliandamana na Elizabeth Taylor, ilhali kila mmoja wao alikuwa bado na ndoa nyingine. Waandishi wa habari walifuata penzi hilo hadi kijijini, na picha walizotuma zikautangaza ufuo huo duniani kote.

Baada ya hapo zilifuata barabara, uwanja wa ndege wa kimataifa na hoteli kubwa. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba manispaa hiyo ilikuwa na wakazi zaidi ya 290,000.

Ukaaji wa wageni hao una mipaka yake kisheria. Mexico huruhusu mtalii kukaa kwa muda usiozidi siku 180. Nako Canada, mkazi wa mkoa wa Ontario anayetaka kuhifadhi haki ya matibabu ya serikali hapaswi, kwa kawaida, kuwa nje ya mkoa kwa zaidi ya siku 212 katika kipindi cha miezi 12. Ndiyo maana 'ndege' hao hurudi kwao majira ya baridi yanapokwisha.

Suala la ardhi ni nyeti zaidi. Katiba ya Mexico ya 1917 inamkataza mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Anayetaka nyumba huko hutumia benki, ambayo hushika hatimiliki kwa niaba yake kwa miaka 50, muda unaoweza kuongezwa.

Ufuo nao ni mali ya umma. Mnamo 2020 sheria ilirekebishwa ili anayewazuia watu kufika ufuoni atozwe faini inayoweza kufikia takriban peso milioni moja. Bila sheria ya aina hiyo, mvuvi angejikuta amefungiwa nje ya bahari aliyozaliwa kando yake.

Lakini sheria haiwezi kuamua fedha zinaishia wapi. Mtalii akilipia ndege, chumba, chakula na vinywaji kwa pamoja akiwa bado Toronto, hana sababu kubwa ya kutoka hotelini. Mchuuzi wa madafu humwona kwa mbali tu, naye mhudumu hutegemea bakshishi kuongezea mshahara wake. Wakazi wa Malindi na Diani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hatari ya kutegemea msimu mmoja ilidhihirika 2021. Kutokana na janga la Covid-19, mashirika makuu ya ndege ya Canada yalikubaliana na serikali yao kusitisha safari za Mexico kuanzia Januari 31 hadi Aprili 30. Msimu wa mavuno ukawa umekatizwa kwa uamuzi uliofanyiwa Ottawa, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Vimbunga pia huweza kuja wakati mbaya. Mnamo Oktoba 2002, wiki chache tu kabla ya msimu kuanza, mawimbi ya Kimbunga Kenna yaliharibu hoteli na maduka ya ufuoni.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Puerto Vallarta, wageni hawajaacha kuja. Kupona kwa mwenyeji hutegemea iwapo njia ya kwenda ufuoni itabaki wazi kwake, na iwapo mgeni atatoka nje ya lango la hoteli akanunue dafu.