Soma Stika ya Viza Kabla ya Kufunga Begi

Tangu majira ya joto yaanze, simu zinazoingia kwenye jumuiya yetu zina habari moja: kijana yuko safarini peke yake, begi mgongoni, keshapita nchi tatu nne bila tatizo, halafu ya tano imemkatalia na haelewi kwa nini. Wa mwisho alikuwa binti wa Kitanzania anayesoma hapa Uingereza. Alianzia Paris, akashuka Italia, akapita Slovenia hadi Kroatia, kisha akapanda basi kutoka Dubrovnik kwenda Kotor, nchini Montenegro. Montenegro walimpokea vizuri kwa sababu alikuwa na viza hai ya Schengen. Siku ya kurudi Dubrovnik ili aendelee na safari ya Vienna na Berlin, afisa wa mpakani aliikagua pasipoti yake, akamrudishia, akamwambia hawezi kuingia. Siku zake zilikuwa hazijaisha. Tatizo lilikuwa tarakimu mbili kwenye stika: 01.

Mambo ya fomu, ada ya euro 90 na bima ya euro 30,000 tunayajua sote wenye pasipoti za Afrika Mashariki, siyarudii. Tunaponaswa ni baada ya viza kutoka. Mtu akifungua bahasha na kuona stika, anashukuru Mungu, anatazama tarehe ya mwisho, anafunga pasipoti. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu stika ile ina mambo matatu na kila moja lina kazi yake: tarehe, idadi ya kuingia, na idadi ya siku.

Tarehe si siku. Sheria ya viza ya Ulaya inaelekeza kwamba kwenye viza ya kuingia mara moja ziongezwe siku 15 za akiba juu ya siku ulizopewa, ili ndege ikiahirishwa usikose safari. Kwa hiyo aliyepewa siku 25 anaweza kuona stika inayoanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 10 Julai, ambazo ni siku 40. Akikaa zote 40 amezidisha siku 15, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima, na ya kutoka vilevile, hata ukivuka mpaka dakika kumi kabla ya saa sita usiku. Ukipanda treni ya Paris hapa London, polisi wa Ufaransa wanakukagua palepale kituo cha St Pancras, na hesabu yako inaanza siku hiyo. Tena msitegemee mihuri iliyofifia. Mfumo mpya wa mipakani, ulioanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2025, unachukua picha ya uso na alama za vidole na kuandika kila kuingia na kutoka. Mashine ndiyo inayohesabu.

Sasa hiyo 01. Maana yake unaruhusiwa kuingia mara moja tu: ukishatoka kwenye eneo la Schengen, viza imekwisha kazi, hata kama umetumia siku tatu tu kati ya 25. Na wengi wanachanganya Schengen na Umoja wa Ulaya. Ayalandi na Saiprasi zimo kwenye Umoja lakini si Schengen. Kroatia iliingia Schengen mwaka 2023, Romania na Bulgaria zikakamilisha tarehe 1 Januari 2025, na sasa nchi ni 29. Serbia, Bosnia, Montenegro, Albania na Makedonia Kaskazini ziko nje, na ndizo hasa vijana wanazozipenda kwa sababu hosteli na chakula ni nafuu. Ukitoka Kroatia kwenda Ugiriki kwa kufuata pwani, huna budi kupita Montenegro na Albania.

Hata ndani ya Kroatia kwenyewe kuna mtego. Mji wa Dubrovnik umetengwa na sehemu nyingine ya nchi na kipande kidogo cha pwani ya Bosnia, mahali paitwapo Neum. Tangu Julai 2022 lipo daraja la Pelješac linalokuwezesha kufika Dubrovnik bila kutoka Kroatia, lakini uliza kwanza basi lako linapita wapi. Mwenye 01 asipande linalopita Neum.

Wenye MULT, yaani viza ya kuingia mara nyingi, nao wasijidanganye. Wapo wanaoambiana kwamba ukienda Belgrade wiki moja, siku zako zinaanza upya. Hazianzi. Kikomo cha juu ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na kila siku unayokuwa ndani, hesabu inaangalia siku 180 zilizopita.

Linalokera ni kwamba hakuna ofisi inayomweleza mtu haya. Mwombaji anatakiwa kuonyesha atalala wapi kila usiku, tiketi za kila hatua, taarifa za benki za miezi kadhaa. Anaandika wazi kwamba atapita Montenegro kisha arudi, nao ubalozini wanampa 01 bila neno lolote. Walikuwa na ratiba yake mkononi. Kupata nafasi ya kuwasilisha maombi huchukua wiki za kuvizia kwenye mtandao, lakini kumwambia maana ya tarakimu mbili imewashinda.

Kwa hiyo jilindeni. Maombi yanaruhusiwa hadi miezi sita kabla ya safari, basi anzeni mapema. Kwenye barua omba kuingia zaidi ya mara moja, taja mpaka utakaotokea na utakaorudia, ambatanisha tiketi. Msinunue uthibitisho wa hoteli wa uongo kwa mawakala: viza inaweza kufutwa ukiwa njiani. Na anayebadilisha pasipoti aiunganishe mpya na akaunti yake ya eVisa ya Uingereza kabla ya kuondoka, la sivyo anaweza kukwama uwanja wa ndege wakati wa kurudi nyumbani.

Ukipokea pasipoti, isome stika siku hiyohiyo. Ikiwa siku au idadi ya kuingia hailingani na ulichoomba, rudi ubalozini kabla ya kusafiri. Na kama huelewi, mlete mtu wa jumuiya aisome nawe kabla hujalipia safari yoyote inayotoka nje ya zile nchi 29.