Ukimya wa Mtandao si Kukataliwa: Malipo ya Simu kwa Modemu ya GSM katika Mazingira ya Karatu na Ngorongoro

Makala haya yanaeleza namna malipo ya fedha kwa simu yanavyoweza kuendeshwa na kompyuta kupitia modemu ya GSM na programu fupi, yaani skripti. Mfano unaotumika ni wa kufikirika, ila mazingira yake ni halisi: mnunuzi wa vitunguu vya Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, anayepaswa kuwalipa wakulima 40 kwa siku moja. Hoja kuu ni kwamba ugumu haumo katika kutuma fedha, bali katika kujua kama fedha zimekwenda pale mawimbi yanapokatika katikati ya muamala.

Modemu ya GSM ni mfano wa simu isiyo na kioo wala vitufe. Huwekewa laini, huchomekwa kwenye kompyuta, na hupokea amri za AT, ambazo asili yake ni modemu za kampuni ya Hayes ya Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Amri AT+CMGL huorodhesha ujumbe mfupi uliopokewa, na AT+CUSD hufungua menyu za USSD, kama vile *150*00# ya M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Skripti husoma menyu, hujibu kwa namba inayotakiwa, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Matumizi ya modemu pasipo intaneti si mapya: programu ya FrontlineSMS, iliyobuniwa na Ken Banks mwaka 2005, iliziwezesha asasi nyingi za vijijini kuwasiliana kwa kompyuta moja na modemu moja.

Hata hivyo, ujumbe mfupi na USSD havifanani. Ujumbe mfupi huhifadhiwa kituoni na kufikishwa baadaye. USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo, na hufa mawimbi yanapopotea. Katika nyanda za juu za Ngorongoro, ambako vilima na kingo za kreta huzuia mawimbi, tofauti hiyo ina uzito.

Chukulia kwamba skripti imetuma namba ya siri kwa malipo ya mkulima wa 17, kisha mawimbi yakakatika. Huenda agizo halikufika. Huenda limefika, na kilichopotea ni jibu tu. Kwa skripti, hali hizi mbili hazitofautiani. Ikirudia, mkulima anaweza kulipwa mara mbili; ikimruka, anaweza kurudi nyumbani bila malipo ya jasho la msimu mzima.

Kwa sababu hiyo, kila muamala uwe na hali tatu, si mbili: umelipwa, haujalipwa, haujulikani. Kabla ya kutuma namba ya siri, skripti iandike kwenye daftari lake kwamba muamala haujulikani. Isimlipe mwingine hadi ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala ufike. Usipofika, iulize salio na kulilinganisha na la awali, makato yakijumuishwa. Ulinganisho huo una maana endapo tu malipo hufanywa moja baada ya jingine, na laini hiyo haipokei fedha kutoka kwingine wakati wa kazi. Shaka ikibaki, uamuzi ni wa mhasibu.

Aidha, menyu hubadilika bila taarifa. Hivyo skripti isome maneno ya menyu, na isimame inapokutana na yasiyotarajiwa. Namba ya siri isiandikwe ndani ya skripti, na laini ibebe fedha za siku hiyo pekee, ili wizi wa kompyuta usiwe wizi wa mtaji. Vilevile, huduma za malipo nchini zinaongozwa na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Ridhaa ya mtoa huduma itangulie matumizi ya njia hii, na pale anapotoa mfumo rasmi wa malipo ya watu wengi, huo ndio wa kuchaguliwa.

Kwa kuhitimisha, ubora wa mfumo wa aina hii haupimwi kwa wingi wa malipo kwa saa, bali kwa uwezo wake wa kukiri kwamba haujui, na kusubiri. Kwa mkulima aliyesimama kando ya magunia yake, kuchelewa kwa nusu saa kunavumilika. Kosa la daftari huvunja uaminifu uliojengwa kwa misimu mingi.