Miviga Isiyokamilika: Kuaga Kidato cha Nne katika Shule za Kikatoliki kwa Mtazamo wa Ndera, Tana River

Utangulizi

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne nchini Kenya anapojiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili hutakiwa kufahamu maana ya miviga, sifa zake na dhima yake katika jamii. Hufunzwa kwamba miviga ni sherehe za kitamaduni zinazoandamana na vipindi maalumu vya maisha ya binadamu: kuzaliwa, kutiwa jandoni, kuoa na kuolewa, kutawazwa na kufa. Hufunzwa pia kwamba miviga huwa na wakati wake, mahali pake, maleba yake, watendaji wake na maneno yake teule. Ni nadra mtahiniwa huyo kuambiwa kwamba wakati anapokariri sifa hizo, yeye mwenyewe yumo ndani ya miviga.

Makala haya yananuia kufafanua mwisho wa masomo ya upili katika shule zinazofadhiliwa na Kanisa Katoliki kwa kuutazama kama miviga. Mtazamo unaochukuliwa ni wa kijana anayetoka Ndera, katika Kaunti ya Tana River, akaenda kusoma katika shule ya bweni ya aina hiyo, iwe ndani ya kaunti au nje yake. Hoja kuu ni kwamba miviga hii ina hatua mbili zinazotekelezwa kwa ukamilifu, na hatua ya tatu ambayo haipo. Pengo hilo si la kinadharia tu, kwa kuwa wanaolilipia gharama ni vijana wenyewe.

Ndera na shule ya kanisa

Ndera ni eneo la Wapokomo lililo kandokando ya Mto Tana, baina ya miji ya Hola na Garsen. Ndimo vilimo vijiji kama Mnazini na Baomo, na ndimo ulimo msitu wa mtoni ambao sehemu yake ilitengwa mwaka 1976 kuwa hifadhi ya mbega mwekundu wa Tana na jamaa zake. Kwa mwanafunzi wa isimu, eneo hili lina mvuto wa pekee. Kipokomo, pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kikomoro na Kielwana, ni tanzu za kundi moja la lugha liitwalo Sabaki. Mtoto wa Ndera anapoanza kujifunza Kiswahili shuleni huwa hajifunzi lugha ya ugenini, bali ya ndugu.

Kuhusu dini, bonde la Tana ni mahali ambapo Uislamu na Ukristo huishi ukuta kwa ukuta. Kwa jumla, Waislamu ni wengi zaidi miongoni mwa Wapokomo wa sehemu za juu, na Wakristo ni wengi zaidi sehemu za chini, ambako wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao katika miaka ya 1880. Kanisa Katoliki lilijipanga baadaye. Leo bonde hili huhudumiwa na majimbo mawili, Garissa lililopandishwa hadhi ya jimbo mwaka 1984, na Malindi lililoundwa mwaka 2000.

Yafaa ieleweke kwamba ile inayoitwa shule ya Kikatoliki nchini Kenya, aghalabu ni shule ya umma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za wamishonari mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 27, inampa mfadhili haki ya kuwakilishwa katika bodi ya shule, kuteua kasisi mlezi kwa gharama yake mwenyewe, na kuendeleza malezi ya kiroho huku akilinda imani ya wanafunzi wa madhehebu na dini nyingine. Hivyo si ajabu binti Mwislamu wa Ndera kumaliza masomo yake katika shule yenye jina la mtakatifu, na akaketi kanisani siku watahiniwa wanapoombewa.

Hatua ya kwanza: kutengwa

Mwaka 1909 mtaalamu Arnold van Gennep alichapisha kwa Kifaransa kitabu kuhusu sherehe za mpito. Alionyesha kwamba sherehe hizo, popote zinapofanyika, huelekea kuwa na hatua tatu: mhusika hutengwa na hali yake ya zamani, hukaa kwa muda ukingoni, kisha hupokelewa katika jamii akiwa mtu mpya. Aliyepelekwa jandoni huondolewa nyumbani, hukaa kumbini, kisha hutolewa kwa shangwe. Kila hatua huitegemea mwenzake.

Shule ya bweni hutekeleza hatua ya kwanza kwa ustadi mkubwa. Mwanafunzi hutengwa na nyumbani tangu Kidato cha Kwanza kwa sare, kengele, bweni na lugha ya shule. Afikapo Kidato cha Nne hutengwa tena, safari hii na wanafunzi wenzake. Viranja hukabidhi vyeo kwa Kidato cha Tatu, watahiniwa huondolewa zamu za usafi na kengele yao ya kulala huchelewa kuliko ya wengine.

Kilele cha hatua hii ni siku ya maombi. Katika shule ya Kikatoliki siku hiyo huadhimishwa kwa Misa. Wazazi hualikwa, watahiniwa huketi viti vya mbele, mahubiri huwa ya mawaidha na padre hunyunyizia maji ya baraka kalamu, rula na vikokotoo vilivyoinuliwa juu. Sifa zote za miviga zimo humo: maleba, mahali patakatifu, mlumbi, wimbo, vifaa na hadhira inayoshiriki. Mzazi Mwislamu aliyesafiri kutoka mtoni huitikia kwa dua yake, na mara nyingi shule hutoa nafasi ya dua hiyo kusomwa.

Hata hivyo, wakati wa sherehe hiyo umebadilika. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku siku za maombi, ziara za wazazi na hafla nyingine katika muhula wa tatu, ili kuzuia udanganyifu katika mitihani. Shule zikalazimika kuileta siku ya maombi mbele, hadi muhula wa pili. Sababu ya amri hiyo yaeleweka. Lakini kwa mtazamo wa miviga, baraka ikasogezwa mbali na tendo ililokusudiwa kulibariki, na mzazi akaagana na mtahiniwa miezi kadhaa kabla ya mtihani wenyewe.

Hatua ya pili: ukingoni

Hatua ya pili ni mtihani wa kitaifa wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4. Hapa mtahiniwa si mwanafunzi tena, wala bado hajawa mhitimu. Hutambuliwa kwa nambari badala ya jina. Karatasi huhifadhiwa katika kontena lenye kufuli na kufika shuleni zikisindikizwa na polisi. Katika Kiswahili huwa na karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Ni katika hiyo ya tatu ndipo aweza kuulizwa afafanue miviga.

Victor Turner, aliyeendeleza mawazo ya van Gennep, alieleza kwamba wanaokaa ukingoni pamoja hupata usawa na udugu usiopatikana kwingine. Wanajando wa kumbi moja huwa ndugu hata kama baba zao hawasalimiani. Kwa Tana River jambo hili lina uzito. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana yaliua zaidi ya watu 100. Watahiniwa wa mwaka 2012 walifanya mtihani wao katikati ya kipindi hicho. Bwenini, Mpokomo na Muorma hulala kitanda cha juu na cha chini, huazimana kalamu na hungojea karatasi moja. Rika linaloundwa ukingoni ni hazina ambayo hakuna baraza la amani linaloweza kuinunua.

Mto nao hushiriki katika hatua hii. Mvua za vuli huanguka kuanzia Oktoba hadi Desemba, msimu uleule wa mtihani. Mwaka 2023, mtihani ulipokuwa ukiendelea, mafuriko yaliyoletwa na El Niño yalikata barabara na kuvizingira vijiji vya bonde la Tana. Serikali ililazimika kutumia helikopta kupeleka karatasi katika baadhi ya maeneo yaliyofurika nchini. Kwa mtahiniwa wa Ndera aliye bwenini, ukingo huo ulikuwa wa maana mbili: alisubiri swali la mtahini, na akasubiri habari kama nyumba ya kwao ingali imesimama.

Hatua ya tatu: kupokelewa

Karatasi ya mwisho hukusanywa, godoro hufungwa kwa kamba, sanduku hubebwa hadi kituo cha basi. Mwaka 2023 mtihani ulimalizika tarehe 24 Novemba, siku mbili kabla ya Sherehe ya Kristo Mfalme inayofunga mwaka wa Kanisa. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungoja. Kalenda ya liturujia ilimweleza kijana huyo hali yake vizuri kuliko cheti chochote. Tofauti ni kwamba Majilio yana mwisho unaojulikana, na mwisho wake ni kupokea.

Katika jando, mwali hapotei njiani baina ya kumbi na nyumbani. Kuna siku ya kutoka, kuna nguo mpya na kuna wimbo. Anayemaliza Kidato cha Nne hurudi peke yake. Hakuna anayempokea rasmi, kwa sababu kila mtu anangoja matokeo. Kwa watahiniwa wa miaka ya 2022, 2023 na 2024, matokeo yalitangazwa Januari iliyofuata. Baada ya hapo jamii huchagua nani ashangiliwe. Kati ya watahiniwa 962,512 wa mwaka 2024, waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hiyo ni takriban robo. Robo tatu zilizosalia zilipitia hatua ya kwanza na ya pili sawa na wenzao: zilinyunyiziwa maji yaleyale, zikaketi katika chumba kilekile. Kilichowakosa ni mlango wa kutokea.

Hata hao wanaofaulu wamewahi kuachwa ukingoni. Katika miaka ya 2000, mwanafunzi aliyechaguliwa kujiunga na chuo kikuu cha umma aliweza kungoja nyumbani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuitwa. Kijana wa aina hiyo alikuwa kijijini lakini si wa kijiji. Amefuzu lakini hana kazi wala chuo. Mtu wa ukingoni asiyepokelewa hutafuta wa kumpokea, na wapokeaji hawakosekani: mihadarati, siasa za kikabila, ndoa ya mapema.

Haimaanishi kwamba Wapokomo hawana utamaduni wa kupokea. Wana Gasa, baraza la wazee linaloamua mambo ya jamii. Walikuwa na Ngadji, ngoma takatifu iliyokuwa alama ya mamlaka na umoja wao, hadi maofisa wa kikoloni walipoichukua mwanzoni mwa karne ya 20 na ikaishia katika British Museum jijini London. Zaidi ya hayo, wana bembelezi. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, ulioandaliwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo ambao mama wa Kipokomo humwimbia mtoto. Kila asubuhi ya gwaride kijana wa Ndera huimba, pamoja na nchi nzima, sauti ya jamii yake ikimpokea mtoto. Nchi iliazima sauti hiyo ya kupokea, ilhali kijana aliyekamilisha masomo hufika nyumbani pasipo kuimbiwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuaga Kidato cha Nne katika shule ya Kikatoliki ni miviga yenye hatua mbili thabiti na ya tatu iliyoachwa wazi. Kuikamilisha hakuhitaji fedha nyingi. Yahitaji uamuzi kwamba kijana apokelewe kabla ya matokeo, kwa kuwa amemaliza na wala si kwa kuwa amefaulu. Parokia, msikiti na Gasa zaweza kukubaliana juu ya siku moja ya Desemba ambapo wote waliofanya mtihani, Wapokomo na Waorma, waliosoma bweni na waliosoma kutwa, wataitwa kwa majina badala ya nambari, wapewe mawaidha na kukabidhiwa wajibu unaojulikana katika jamii: kufundisha watoto kusoma wakati wa likizo, kuandika kumbukumbu za baraza, kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi hiyo ya mwisho ni miongoni mwa ambazo idara za Kiswahili za vyuo vikuu zingeweza kuzisimamia kwa faida ya pande zote mbili.

Muda uliobaki ni mfupi. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na baada yao jina lenyewe la Kidato cha Nne litatoweka, nafasi yake ichukuliwe na Gredi ya 12 ya sekondari pevu. Mitaala hubadilika na mitihani hupewa majina mapya, lakini basi la Desemba litaendelea kushusha vijana na masanduku yao kandokando ya barabara ya Hola na Garsen. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kijana aliyecheza ngoma ya miaka minne ugenini, akarudi kwao, anastahili walau kukuta watu wamesimama uwanjani wakimngoja.