Je, Wajua? Hurricane ya Sentimita 17

Chukua ndege ya kivita ya Waingereza, Hawker Hurricane, yenye mabawa ya mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, ugawe kila kipimo chake kwa 72. Utabaki na kitu cha sentimita 17 kinachoshikika kwa mkono mmoja. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ugumu unaanza pale ambapo mambo mengine yanakataa kugawanyika: mwanga, uzito, unene wa rangi, jicho la anayetazama. Fundi wa modeli hupambana na hayo tangu anapofungua boksi mpaka anapoweka brashi chini.

Kwa nini 72, wala si 70 au 100? Waingereza walipima kwa futi na inchi. Inchi 1 ikisimama mahali pa futi 6 unapata uwiano wa 1 kwa 72, na kwa kuwa futi 6 ni kimo cha mwanamume mrefu, rubani wake anakuwa mtu wa inchi moja. Kampuni ya Frog ilipotoa seti zake za ndege za plastiki mwaka 1936, zikiwa miongoni mwa za kwanza duniani, ilitumia kipimo hicho. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari kuchonga modeli za mbao 500,000 kwa uwiano huohuo, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki. Modeli hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu kilichohitajika ni umbo tu. Ukiitazama modeli ya 1 kwa 72 ukiwa mita 10, ni sawa na kuitazama ndege yenyewe ikiwa mita 720 kutoka kwako. Ukiisogeza mpaka sentimita 30 usoni, ni kama umesimama mita 21 na kitu kutoka kwenye ndege halisi.

Mita hizo 21 ndizo kipimo cha kila uamuzi. Simama mbali kiasi hicho na ndege iliyoegeshwa uwanjani, ujiulize unaona nini hasa. Vichwa vya ribiti huvioni. Mstari kati ya bati na bati unauona kwa shida. Lakini mafundi wengi huchimba mistari hiyo na kuijaza rangi nyeusi mpaka ndege inafanana na ramani ya mitaa. Mimi hupenda modeli ambayo mistari yake inaonekana kwa kutafutwa.

Rangi nayo ina mambo yake. Ukipata rangi ileile ya kahawia na kijani iliyotumika mwaka 1940, ukaipaka bila kuigusa, modeli itaonekana nyeusi mno. Wako wanaosema sababu ni hewa: kitu cha mbali hufifia. Kwa mita 21 hewa haifanyi kazi kubwa hivyo. Naona sababu nzito zaidi ni mwanga. Jua la mchana hufikia laksi 100,000, ilhali taa ya sebuleni hutoa laksi mia chache. Ndege halisi tumezoea kuiona chini ya jua, na modeli tunaiweka kabatini. Ndiyo maana fundi huongeza matone ya rangi nyeupe, akiamini macho yake kuliko maandishi ya kwenye kopo.

Kisha kuna unene. Ganda la plastiki la milimita 1 lingekuwa ukuta wa milimita 72 kwenye ndege halisi, kwa hiyo kingo za nyuma za mabawa lazima zisuguliwe kwa msasa mpaka ziwe kama wembe. Unywele wa binadamu, kwa kawaida kama milimita 0.07, ungekuwa kamba ya milimita 5, mnene kupita waya wa antena unaotoka kwenye mlingoti hadi mkiani. Hapo kuna ufundi mmoja mzuri sana. Vipande vya seti huja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki ambayo wengi huitupa. Pasha kipande cha fremu hiyo juu ya mshumaa, na mara kinapolainika kitoe motoni ukivute taratibu. Kinarefuka kuwa uzi mwembamba kuliko unywele, na huo ndio waya wako. Uzito nao haufuati urefu: Hurricane ya tani 3 hivi, ikigawanywa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248, inapaswa kuwa na gramu 8 tu. Modeli haiwezi kuibonyeza tairi yake kama ndege inavyofanya, hivyo fundi husugua sehemu ya chini ya tairi kidogo ili ionekane imebeba mzigo.

Kuunganisha kwenyewe hakuna mengi. Gundi ya modeli huyeyusha plastiki pande zote mbili, zikawa kitu kimoja, na nafasi zilizobaki huzibwa kwa puti.

Mahali ambapo Hurricane humtofautisha fundi na fundi ni kiunoni. Nyuma ya chumba cha rubani, ndege hii haina bati. Mhandisi wake, Sydney Camm, alijenga kiunzi cha mabomba ya chuma, akakizungushia fito za mbao, na juu yake ikavutwa nguo ya kitani iliyopakwa dawa ya kuikaza mpaka ikawambika kama ngozi ya ngoma. Iliporuka mara ya kwanza, tarehe 6 Novemba 1935, hata mabawa yalikuwa ya nguo. Ya bati yalianza kuingia mwaka 1939. Wengine waliiona ni teknolojia iliyopitwa na wakati, hasa ikiwekwa kando ya ndege mwenzake, Spitfire. Vita vya Pili vya Dunia vikaonyesha faida yake. Kombora dogo la mzinga wa ndege ya adui, lililoundwa kulipuka likigonga kitu kigumu, liliweza kuingia kwenye nguo upande huu na kutokea upande ule bila kulipuka. Mafundi walibandika kiraka, ndege ikarudi angani.

Watengenezaji wa seti, kwa kutaka mnunuzi aione nguo, huifanya ibonyee kati ya fito kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mfereji wa milimita 0.3 kwenye modeli ni shimo la sentimita 2 kwenye ndege. Nguo iliyokazwa vile haiwezi kulegea hivyo. Dawa yake ni msasa laini uliolowa maji, na subira: sugua mpaka fito zionekane tu pale unapoinamisha taa pembeni. Na ukifika kwenye kuchakaza rangi, kumbuka kwamba michubuko ya fedha inayoonyesha bati ni ya mbele na ya mabawani. Anayeichora kiunoni amesahau kwamba pale hapana bati la kuchubuka.

Modeli nzuri pia ni ya ndege fulani, ya siku fulani, na kwa msomaji wa Kiswahili iko moja iliyo karibu. Mwishoni mwa 1940 na mwanzoni mwa 1941, Hurricane za Jeshi la Anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya kupigana na Waitalia, wakati majeshi ya ardhini, wakiwemo askari wa Keya, yakisonga Somalia na Ethiopia. Afrika Kusini iliweka rangi ya chungwa badala ya nyekundu katikati ya alama yake ya duara. Hapa picha za zamani humtega fundi. Filamu za aina ya othokromatiki hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo nyekundu na chungwa hutoka nyeusi, na buluu hutoka nyepesi. Ukiangalia picha moja bila kujua ilipigwa kwa filamu gani, unaweza kuipa ndege taifa lisilo lake.

Tarehe 15 Machi 1941, karibu na Diredawa, Ethiopia, Kapteni John Frost wa Kikosi Na. 3 cha jeshi hilo la anga alipigwa risasi akalazimika kutua katika eneo la Waitalia. Mwenzake, Luteni Robert Kershaw, aliteremsha Hurricane yake palepale huku wengine wakiwazuia maadui kutoka angani. Magurudumu ya Hurricane yameachana sana, na naamini upana huo ulimsaidia kwenye ardhi ile. Ndege ina kiti kimoja. Frost alikaa mapajani kwa Kershaw, akashika fimbo ya usukani na pedali. Kershaw akashughulikia magurudumu na vibawa vya kutulia. Wakarudi wote wawili, na Kershaw akatunukiwa nishani ya DSO. Frost alipotea vitani Afrika Kaskazini mwezi Juni 1942.

Ukitaka kuijenga ndege hiyo, anzia ndani ya chumba cha rubani. Kiwenzo kinachoendesha magurudumu na vibawa kiko upande wa kulia wa kiti, jambo lililowalazimu marubani wa Hurricane kubadilisha mkono kwenye fimbo kila walipoondoka ardhini. Siku ile mikono ilikuwa minne. Seti nyingi ndogo hazina kiwenzo hicho, kwa hiyo kitengeneze mwenyewe kwa ule uzi wa plastiki ya mshumaa: milimita 1 na kitu, kipachikwe kwa ncha ya sindano kabla hujafunga nusu mbili za kiwiliwili, kwa sababu baada ya hapo mkono haupiti tena.