Kutoka Lutindi hadi Bergen: tiketi ndiyo ya mwisho

Ukimwambia mwanachuo mwenzako kwamba unapanga kwenda Ulaya, swali la kwanza huwa moja: tiketi bei gani? Ni swali zuri, ila limekuja mapema mno. Kwa mtu anayetoka Tanzania tiketi ndiyo hatua ya mwisho, na anayeianza anaweza kupoteza hela ya ukoo mzima.

Nasema ukoo kwa sababu ndivyo ilivyo kwangu. Mimi na wenzangu wawili wa ualimu tumealikwa na wanafunzi wenzetu wa Bergen, mji wa bandari magharibi mwa Norwei, kwa siku kumi mwezi Septemba. Malazi watatupa wao, nauli tunajitafutia. Nyumbani Lutindi, kule milimani Korogwe, habari ilipofika tu mjomba akasema ng'ombe mmoja atauzwa. Nimemwomba asubiri. Haya hapa ndiyo niliyomweleza, na huenda yakakufaa na wewe.

Kwanza elewa mlango wenyewe. Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya na inatumia krona, si yuro. Lakini tangu 2001 imo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa kawaida wa pasipoti mipakani mwao. Viza moja inakuingiza kote huko, mradi usizidishe siku 90 ndani ya siku 180. Unaomba kwa nchi unayokwenda kukaa, si unayopitia. Ukipanda ndege Dar au Kilimanjaro ukapitia Amsterdam, pasipoti itakaguliwa Amsterdam, ukifika Bergen unatoka tu kama umetoka Mwanza. Bado viza ni ya Norwei. Na ni ya kutembea: kazi hairuhusiwi.

Pili, karatasi. Hapa safari inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, maana bila barua yake, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, pasipoti utaisikia tu. Cheti cha mzazi nacho kinatakiwa, na wazee wetu wengi hawana, kwa hiyo andaa kiapo badala yake. Fomu ya Uhamiaji inajazwa mtandaoni na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kwa viza, pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kule.

Tatu, viza yenyewe. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, kwetu kama laki mbili na nusu hivi, bado gharama za kituo cha kupokelea maombi. Hela hiyo hairudi hata ukinyimwa. Unatakiwa pia uwe na bima ya safari inayobeba matibabu ya angalau yuro 30,000. Alama za vidole huwezi kumtuma mtu akupigie, kwa hiyo weka bajeti ya basi la kwenda Dar na pa kulala. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Sisi wa Septemba, Juni tuwe tumeshapeleka.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapokwama: lazima uthibitishe kwamba utarudi. Afisa anayesoma maombi hakujui. Anaona kijana wa miaka 22, hana mshahara, hana mke, hana nyumba, anaishi kwa boom. Kwa macho yake huyo ni mtu asiye na cha kumrudisha. Kazi yako ni kumwonyesha kilichopo: barua ya chuo inayosema wewe ni mwanafunzi na masomo yanaendelea tarehe fulani, ratiba ya muhula, barua ya mwaliko yenye tarehe na anwani, na maelezo ya nani analipa nini.

Hela nayo inaangaliwa. Kiwango ambacho idara ya uhamiaji ya Norwei, UDI, imekuwa ikikitaja kwa mgeni ni krona 500 kwa siku. Siku kumi ni krona 5,000, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Mwenyeji anaweza kujaza fomu ya udhamini akabeba mzigo huo. Kama hakuna mdhamini, taarifa ya akaunti yako ionyeshe hela inayoingia na kutoka kwa miezi kadhaa. Milioni mbili zilizoingia juzi kutoka kwa mjomba zinaleta maswali kuliko majibu. Kama kweli ni mchango wa familia, sema hivyo na uambatanishe barua ya aliyechanga.

Ukinyimwa, utapewa sababu kwa maandishi, na kwa Norwei una wiki tatu za kukata rufaa. Soma sababu kwanza kabla hujalipa ada nyingine.

Ndiyo maana nimemwambia mjomba ng'ombe abaki zizini. Kabla ya viza, kinachowekwa rehani ni ada na nauli ya Dar tu, hela ambayo nikiipoteza itauma lakini haitavunja nyumba. Kwenye maombi tunaweka mpango wa safari, hatununui tiketi. Viza ikitoka, hapo ndipo tutakaa kikao cha ng'ombe.

Najua kuna linalokera. Lutindi wamisionari wa Kijerumani walipanda tangu karne ya 19, na hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko pale ina zaidi ya miaka mia moja. Wageni wa Ulaya tumewazoea tangu utoto. Mnorwei akitaka kuja kwetu anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 50, anapanda ndege. Sisi tunaulizwa tutarudi lini hata hatujaondoka. Sidhani ni haki. Ila kukasirika hakujazi fomu, na anayejua masharti hatapeliwi na watu wa "nitakupatia viza".

Tano, Bergen yenyewe. Mtu wa milimani hatashangaa sana: mji uko katikati ya milima saba na kwa mwaka hupata mvua zaidi ya milimita 2,000. Mei na Juni ndiyo afadhali, lakini sisi tuna UE, na Julai na Agosti tuko TP. Septemba mvua imeshakolea, basi koti la mvua kwanza, suti baadaye. Mambo mazuri mengi ni ya bure: kutembea Bryggen, ile mitaa ya nyumba za mbao za wafanyabiashara wa zamani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 1979, na kupanda mlima Fløyen kwa miguu, mita kama 320 tu. Utajiri wa mji huo ulijengwa na samaki wakavu kutoka kaskazini, kwa hiyo mla ng'onda wa Tanga atakuwa na la kuzungumza. Maji ya bomba yananyweka, beba chupa. Na Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua mkate Jumamosi.

Kama nawe una mwaliko mkononi, wiki hii usitafute bei ya tiketi. Nenda kaulize cheti cha kuzaliwa cha mama kiko wapi.