Pikipiki Iliyotumiwa: Nani Atailipia Dawa?



Katika milima ya Kivu pikipiki si mchezo wa vijana tena. Ndiyo inayobeba mgonjwa mpaka hospitali, na gunia la maharage mpaka sokoni. Ndiyo inayompeleka mwalimu kwenye shule ya ng'ambo ya mto, mahali ambapo gari halifiki wakati wa mvua. Kwa hiyo jamaa nyingi zinatamani kuwa nayo. Lakini iliyo mpya ni ya bei kali, na wengi wanatafuta ile iliyokwisha kutumiwa. Jambo hilo si baya. Pikipiki iliyotumiwa inaweza kuwa mali njema kabisa. Inaweza pia kuwa kidonda kisichopona ndani ya nyumba.

Tusikilize kwanza habari ya baba mmoja. Jina lake hatulitaji, maana angeweza kuwa ye yote kati yetu.

Alikuwa mchuuzi wa maharage. Kila juma aliwalipa wamotari wampeleke sokoni yeye na gunia lake. Muda wa miaka miwili aliweka feza katika likelemba pamoja na wenzake, na zamu yake ilipofika, pamoja na akiba ya nyumbani, akajikuta na dola 520. Siku zile zile akaja kijana mwenye pikipiki ya kupendeza: tangi limepakwa rangi nyekundu, kiti kimeshonwa upya, taa zinametameta. Bei yake, dola 500.

Mkewe akaizunguka mara moja, akauliza: “Baba watoto, na siku itakapougua, nani atailipia dawa?”

Baba akacheka. “Mama, chuma hakiugui.”

Kumbe chuma nacho kinaugua! Juma la tatu mnyororo ukakatika mlimani. Mwezi wa pili moshi wa buluu ukaanza kuifuata njiani kama mkia. Fundi akaifungua mashini, akamwonyesha: pistoni na pete zake zimelika, silinda imekwaruzwa. Akiba ya nyumbani ilikuwa imekwisha zamani. Basi baba akachukua feza za masomo ya mtoto. Mwisho wa mwezi mtoto akarudishwa nyumbani, na pikipiki ingali imesimama katika garaji ikingoja kipuri.

Kosa lilikuwa wapi? Baba huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alihesabu bei ya kununua. Hakuhesabu bei ya kuwa nayo.

Macho kabla ya feza

Rangi mpya haisemi lo lote juu ya mashini. Mara nyingine hupakwa ili kuficha. Ukienda kutazama pikipiki, nenda mchana, nenda na fundi asiye rafiki wa muuzaji, na umlipe fundi kwa kazi hiyo. Ni malipo madogo kuliko yote utakayotoa.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa mashini kwa mkono. Kama ina joto, yafaa ujiulize kwa nini. Maana mashini iliyochoka hukataa kuwaka ikiwa baridi, na hukubali ikiwa imekwisha kupata moto.

Ikiwaka, tazama bomba la moshi. Moshi mweusi ni dalili ya esansi nyingi kupita kiasi. Mara nyingi kuisafisha kabureta na kubadili chujio la hewa kunatosha. Moshi wa buluu ni dalili ya mafuta ya mashini yanayoungua. Hapo pistoni, pete au silinda zinaanza kulia. Lakini angalia: pikipiki za zamani kama Yamaha AG 100 zinachoma mafuta pamoja na esansi kwa namna zilivyoundwa, nazo moshi kidogo wa buluu si ugonjwa kwao. Kwa pikipiki nyingi za siku hizi, kama Bajaj Boxer na TVS zinazotoka India, moshi huo ni habari mbaya.

Kisha shika mnyororo nyuma kabisa, pale unapozunguka gurudumu la meno, uuvute kuelekea nyuma. Ukiachana na meno hata ukaona nusu ya jino, umekwisha. Meno yenyewe yakiwa makali na yamelala upande mmoja, nayo yamekwisha. Mnyororo na meno ya mbele na ya nyuma hubadilishwa pamoja, maana mnyororo mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi.

Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kushoto na kuume. Ukisikia kama unajikwaa katikati, ruleman za usukani zimelika. Tikisa magurudumu kwa upande. Piga spoki moja moja kwa kidole. Iliyolegea hutoa sauti nyingine. Tazama miguu ya mbele: ikilowa mafuta, mipira inayoyazuia imepasuka. Simama nyuma, hatua tano, utazame kama magurudumu mawili yanafuatana katika mstari mmoja. Yasipofuatana, huenda kiunzi kilipinda katika anguko.

Na ile saa inayohesabu kilometa? Usiisadiki peke yake, maana waya wake hukatika, tena wengine huukata. Amini zaidi pale miguu inapokanyaga. Kama saa inasema kilometa 8,000, na mpira wa kiki umelika mpaka chuma kinang'aa, saa imesema uongo. Fikiri tu: mmotari akitembea kilometa 100 kwa siku, siku 300 za mwaka, anamaliza kilometa 30,000 kwa mwaka mmoja.

Mwisho, linganisha namba iliyochongwa juu ya kiunzi, karibu na usukani, na namba iliyoandikwa katika karti. Zikiachana, au namba ikiwa imefutwa kwa tupa, rudi nyumbani na feza zako. Kipuri kibovu hununuliwa kingine. Pikipiki ya wizi hunyang'anywa yote.

Hesabu ya siku ya kwanza

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu na kuwasaidia wazazi. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja aziweke bei za soko lake mahali pa hizi zetu.

Turudi kwa ile pikipiki nyekundu. Kama baba yule angalikwenda na fundi, angaliandika hivi: mnyororo na meno yake, dola 25, mipira miwili pamoja na mipira ya ndani, 60, viatu vya breki, 10, batri, 20, pistoni, pete na kazi ya silinda, 90, ruleman za usukani, 15, sahani za klachi, 25. Jumla dola 245. Basi bei ya kweli ya pikipiki ya dola 500 ilikuwa dola 745.

Siku ile ile jirani alikuwa anauza pikipiki nyeusi, ya namna ile ile, kwa dola 700. Tangi lake lilikuwa na mikwaruzo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeitazama mara mbili. Ilihitaji viatu vya breki, dola 10, na mpira wa nyuma, 30. Bei yake ya kweli, dola 740. Mwaona? Ile iliyoonekana rahisi kwa dola 200 ilikuwa gali kwa dola 5. Tena mashini iliyofunguliwa na kufungwa si sawa na mashini ambayo haijaguswa.

Hatusemi kwamba pikipiki yenye ugonjwa isinunuliwe kabisa. Karatasi ya fundi ni silaha ya mapatano. Mnunuzi angalimwambia muuzaji: “Ndugu yangu, tazama, hapa pana dola 245 za kazi. Nitakupa 275.” Angalikubali, baba angalibaki na dola 245 mkononi, hesabu kamili ya kuiponya. Angalikataa, basi afazali kuwalipa wamotari tena mwaka mmoja, mpaka zamu nyingine ya likelemba.

Lakini kama huna feza za kutengeneza yote mara moja, fuata utaratibu. Breki, mipira na usukani kwanza, kabla hujapakia mtu nyuma yako. Mashini ikikataa, utasukuma. Breki ikikataa, huenda hutasukuma kitu tena. Batri inaweza kungoja kama kiki inafanya kazi na kama hutembei usiku.

Kopo la dola moja

Baada ya siku ya kwanza inakuja hesabu ya kila siku. Hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu haiji siku moja. Inakuja kidogo kidogo, kama panya ghalani.

Tuseme unatembea kilometa 1,000 kwa mwezi katika barabara zetu za matope na vumbi. Unabadili mafuta ya mashini mara moja, dola 5. Mnyororo na meno ya dola 25 yanadumu kilometa 10,000. Basi kila mwezi unakula dola 2.50. Mpira wa nyuma wa dola 30 unadumu kilometa 10,000, ni dola 3 kwa mwezi. Wa mbele unadumu mara mbili, ni dola 1.50. Viatu vya breki vya dola 10 vinadumu kilometa 5,000, ni dola 2. Buji na chujio la hewa, dola 1. Klachi ya dola 25, ikidumu kilometa 25,000, dola 1. Kuziba matundu ya misumari, dola 2. Na siku moja hata pistoni itaomba haki yake: dola 90, ikidumu kilometa 45,000, ni dola 2 kwa mwezi.

Jumlisheni. Ni dola 20 kwa mwezi, kabla hujanunua esansi, wala kulipa ushuru na bima. Dola 20 kwa kilometa 1,000, maana yake dola 1 kwa kila kilometa 50. Kama soko lako liko kilometa 25 kutoka nyumbani, kila safari ya kwenda na kurudi imekula dola moja, ijapokuwa siku hiyo hukulipa fundi senti hata moja. Pikipiki inakukopesha tu. Siku itakuja kudai.

Basi fanya hivi. Tafuta kopo la maziwa, litoboe juu, ulifunge vizuri. Kila safari ya kilometa 50, tia dola moja au franka zake, na uandike katika daftari. Feza hizo si zako: ni za pikipiki. Na kama faida ya safari haitoshi kulipa esansi, kulisha nyumba na kutia dola moja katika kopo, umeona neno kubwa: pikipiki haikufai kwa kazi hiyo, hata ungepewa bure. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo mengine machache yanapunguza deni hilo. Nunua namna ambayo vipuri vyake vinauzwa katika soko lako na mafundi wako wanaijua. Pikipiki nzuri ambayo kipuri chake kinaagizwa Kampala itakaa mwezi mzima bila kufanya kazi. Osha matope na upake mnyororo mafuta kila juma, na mara mbili wakati wa mvua. Safisha chujio la hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi likipita humo husaga silinda kama jiwe la kusagia. Pima mafuta ya mashini kila asubuhi kabla ya kuwasha. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Akiba haitembei sokoni

Sheria ya mwisho ni fupi. Usiende kununua na feza zako zote. Mwenye dola 800 atafute pikipiki ya 600. Zile 200 zikae nyumbani, mkononi mwa mama, zingoje ugonjwa wa kwanza. Maana ugonjwa wa kwanza huja upesi: hakuna muuzaji anayeuza pikipiki yake siku ya kwanza baada ya kuitengeneza yote. Na nyumba iliyo na akiba hailazimiki kuchagua kati ya pistoni na masomo ya mtoto.

Yule baba alijifunza, ijapokuwa masomo yake yalikuwa gali. Pikipiki nyekundu ilipopona, aliiuza, akamwambia mnunuzi kweli yote juu yake. Akarudi kwa wamotari na likelemba. Alipokwenda kununua mara ya pili, fundi alikuwa pamoja naye, na mkewe alishika daftari. Walichagua yenye tangi la mikwaruzo. Mtoto wao hakurudishwa tena nyumbani kwa sababu yake.

Jioni moja mama alimwuliza tena kwa kicheko: “Baba watoto, ikiugua leo, nani atailipia dawa?”

Baba hakujibu. Alinyosha mkono juu ya kabati, akalitikisa kopo, nalo likalia.